Dogo kaja na mada 23 za hesabu, nimemfutia 16

Jumapili ya juzi mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo wa kule Igombe, kanitumia picha WhatsApp. Kurasa mbili za kaunta buku, peni nyekundu na bluu, juu kaandika kwa herufi kubwa HESABU ZA KUSOMA KABLA YA CHUO, chini yake mada 23. Nilihesabu mara mbili maana sikuamini. Na huyu ndo kwanza katoka JKT, kichwa bado kipara, miguu ina malengelenge, chuo kinafungua mwishoni mwa mwezi wa kumi, yani ana wiki saba hivi, na ndani ya hizo wiki saba kila asubuhi anaanika dagaa na mama yake. Tensa zimo, zile hesabu ngumu za kina Einstein. Topolojia imo. Kuna moja kaandika "hesabu za blakihoo" akaweka alama ya kuuliza pembeni.

"Dada shikamoo. Nianze na ipi?"

Marahaba, nikamwambia, njoo Kirumba Jumamosi na uje na kifutio.

Naandika hapa kwa sababu sio yeye peke yake, kila mwaka kipindi hiki cha kusubiri chuo napata meseji za hivi kutoka kwa niliowafundisha fizikia advansi, wamepangiwa digrii ya fizikia, wana hofu, na hofu yenyewe inawapeleka kwenye kudaunilodi. Wananikumbusha mimi mwenyewe. Mimi kipindi changu cha kusubiri nilikuwa na memori kadi ya PDF kama hamsini, nikakaa kibarazani kwa bibi nasoma tensa. Miezi miwili. Nilijua kuandika indeksi za juu na za chini vizuri kabisa, nilikuwa najisikia mtu wa maana, wadogo zangu wakipita nawafunika daftari kama siri ya serikali.

Nikafika chuo (sikitaji). Kwizi ya kwanza ya mekanika, wiki ya nne: tone la mvua linaanguka, upinzani wa hewa unalingana na spidi yake, tafuta spidi baada ya muda t. Swali la mistari sita. Mlinganyo niliuandika vizuri, mg (uzito) kutoa kv (upinzani), haya, tenganisha v huku t kule, intigreti. Hapo kwenye kuintigreti nikasahau alama moja ya kutoa, ile inayotoka nje ukiwa na v yenye kutoa mbele yake chini ya sehemu, na kwa sababu ya hiyo alama moja tone langu likawa halifiki spidi ya mwisho, likawa linapaa juu badala ya kuanguka, linaongeza mwendo linaongeza mwendo mpaka lingetoboa mawingu. Nikapata 4 kwa 15. Kibaya zaidi sikushtuka. Mtu aliyezoea zile hesabu angeliangalia jibu akacheka, mimi nikakusanya karatasi nikaenda kula.

Tensa hazikuulizwa. Hazikuulizwa mwaka wa kwanza wala wa pili. Einstein mwenyewe alimaliza chuo Zurich mwaka 1900, na hizo hesabu za tensa kaja kuzishika kuanzia 1912, tena kwa kusaidiwa na Marcel Grossmann, rafiki yake waliyesoma naye. Miaka kumi na mbili baada ya digrii. Mimi nilikuwa na haraka gani?

Sasa kitu ambacho hakuna aliyeniambia, na ndicho nilichomwambia dogo kabla hatujafuta hata mada moja, ni hiki: chuo fizikia haiisubiri hesabu. Ni vipindi viwili tofauti, walimu wawili tofauti, na hawajakaa chini kupanga nani atangulie. Lekchara wa mekanika wiki ya pili anaandika mlinganyo ubaoni, mstari unaofuata anasema "tukiintigreti tunapata", anaendelea. Halafu mwalimu wa hesabu anakuja kuifundisha hiyo mada muhula wa pili, taratibu na vizuri, wakati wewe testi ulishafeli mwezi wa kumi na mbili. Kwa hiyo kwa kila mada jiulize fizikia itaidai lini na hesabu itaifikia lini. Kama fizikia inaidai mapema na hesabu inachelewa, hilo pengo ni lako, litakuangukia wewe, soma hiyo. Kama hesabu itaifundisha kabla haijadaiwa, iache, umeilipia ada wafundishe wao.

Kwa kipimo hicho ndo tukaanza kufuta. Topolojia nje. Tensa nje, dogo kaguna. Gruupu nje. Laplace na Fourier nje, zitakuja kwa wakati wake na zitakuja na mwalimu. Zile za kuthibitisha kwamba namba ni namba nje, ni nzuri lakini huo ndo mkate wa kipindi cha hesabu. Linia programingi nje, hiyo kaiweka kwa sababu aliipenda kwenye NECTA tu. Takwimu tukazifuta ila nikamwambia akumbuke wastani na namna ya kusambaa kwa vipimo, maana maabara zinaanza mapema. Mwisho zikabaki saba, na kati ya zilizofutwa moja nimeikata kwa penseli tu, nitaisema mbeleni.

Ya kwanza hata mada sio, tuliandika tu KUNOA MIKONO. Logi, vipeo, pasho frakshoni, kukamilisha mraba, kuhamisha herufi upande wa pili, saini na kosaini za pembe mbili zikijumlishwa. Dogo kanuna. "Dada hizi mbona za fomu faivu, mi nimepata B ya hesabu." Sawa baba, nikampa maswali ishirini dakika thelathini bila kikokotoo. Kafika la tisa. Sio kwamba hajui, anajua, ila kila swali anasimama kukumbuka, na chuo ukisimama kukumbuka logi mwalimu ameshafuta ubao. Unajua yule mama pale Mwaloni anaeparua sato huku anabishana bei na watu wawili, kisu hakiangalii? Hivyo. Mikono ifanye aljebra, kichwa kibaki na fizikia. Nusu saa kila siku mpaka siku ya kupanda basi, hii haina kumaliza.

Ya pili ndo naipenda kuliko zote na advansi tunaipita kama basi la Shinyanga: makadirio. Mfululizo wa Taylor, na yule binamu yake wa bainomio, moja jumlisha x kwa kipeo n ni kama moja jumlisha nx pale x ikiwa ndogo. Wanafunzi wanaijua kama swali la kujibu, toa istilahi nne za kwanza, maksi tano. Hawajaambiwa kwamba fizikia yote imejengwa juu ya kukubali kutupa vitu vidogo. Chukua pendulumu. Ile fomula ya T ni mbili pai mara kipeuo cha pili cha L kwa g (T muda wa myumbo mmoja, L urefu, g mchapuko wa mvutano wa dunia), kila mtu anayo kichwani, lakini ukiifuata ilikotoka utakuta mahali mtu kaandika saini ya pembe ni sawa na pembe yenyewe. Ni uongo! Ila ni uongo mdogo. Pembe ya digrii 10 ni radiani 0.1745, saini yake 0.1736, tofauti nusu asilimia. Digrii 30 ni radiani 0.5236 na saini yake ni 0.5 kamili, hapo uongo umeshakua karibu asilimia tano. Kwa hiyo fomula ina mipaka na mipaka yake unaiona kwenye istilahi inayofuata, ile kutoa x kwa kipeo cha tatu, gawanya kwa sita. Mtu akijua hivyo hatakariri tena "pembe iwe ndogo", atajua ndogo kiasi gani kwa kazi gani.

Nikampa na hii. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. g inapungua ukipanda, inapungua kwa mraba wa umbali kutoka katikati ya dunia. Radiasi ya dunia kilomita 6,371. Bila kikokotoo niambie hapa Mwanza g imepungua kiasi gani kuliko ingekuwa usawa wa bahari. Dogo kaanza kuandika kilomita 6,372.134 kwa mraba, nikamnyang'anya peni. Mbili mara 1.134 kwa 6,371, basi. Ni kama 0.00036. Chukua 9.78 ya huku karibu na ikweta zidisha, unapata punguzo la 0.0035 hivi. Mstari mmoja. (Ndio, kuna mwamba wote ulio chini yetu unaovuta nao, na Mwanza kwa miamba hatujambo, kwa hiyo punguzo halisi ni dogo kidogo ya hapo. Mwacheni dogo kwanza.)

Vekta. Hapa PCM wote wanadhani wako salama kwa sababu advansi wamefanya doti na krosi. Doti na krosi sawa. Tatizo ni vekta inayobadilika na muda, na zile vekta zenye kofia (za urefu wa moja, kazi yake kuonyesha uelekeo) zinazogeuka. Wiki ya pili au ya tatu ya mekanika wanaleta koodineti za pola na ghafla mchapuko una vipande vinne na hakuna anayejua vimetoka wapi. Tulikuwa tumeshatoka nje kwa sababu umeme ulikatika, tunaona maji kwa mbali, nikamwambia angalia ule mtumbwi. Nyoosha mkono uuonyeshe kwa kidole. Mkono wako ndo ile vekta ya r yenye kofia. Urefu wake haubadiliki, mkono ni mkono. Mtumbwi ukienda kushoto kidole kinafanyaje? Kinageuka. Kimebadilika au hakijabadilika? Kimebadilika, ila sio urefu, ni uelekeo. Na badiliko lenyewe limeenda wapi, kuelekea kwenye mtumbwi au pembeni? Kakaa kimya, kanyoosha tena mkono, kaugeuza kidogo kidogo. Pembeni. Pembeni ya mkono, digrii tisini. Basi hapo ndo vinatoka vile vipande, difrensieti r mara kofia, kumbuka na kofia nayo inabadilika, rudia mara ya pili, hesabu vipande. Jirani alipita akatukuta wote wawili tumenyoosha mikono kuelekea ziwani kwenye giza, akasalimia akaongeza mwendo.

Intigresheni sitasema mengi, mbinu wanazo, wana mbinu nyingi kuliko watakazotumia. Ambacho hawana ni kuiandika. Advansi wanapewa intigro tayari imevaa suti, wao kazi yao kuivua. Chuo unapewa kitu, unaambiwa tafuta. Mfano, tenki la zege la maji, ukuta wake una upana mita 2 na maji yamefika kina cha mita 2, maji yanausukuma ule ukuta kwa nguvu kiasi gani? Presha chini sio sawa na juu. Kwa hiyo ukate ukuta vipande vyembamba vya kulala, kila kimoja kina kina chake, presha yake mara eneo lake, jumlisha. Kama mtu anavyokata sangara, mkia na tumbo haviuzwi bei moja, huwezi kuzidisha bei moja kwa samaki mzima. Ukifanya inatoka nusu ya ro g mara upana mara mraba wa kina (ro ni densiti ya maji), na kwa namba hizo ni kama nyutoni 39,000, yani kama uzito wa tani 4 zimeegemea ukuta mmoja. Dogo kaangalia tenki la jirani kwa heshima mpya. Nikamwambia afanye hivyohivyo kutafuta inesha ya fimbo inayozungushwa, yani ugumu wake wa kuzungushwa, ikizungushwa katikati unapata M mara L mraba kwa 12, ikizungushwa mwishoni kwa 3, na aniambie kwa nini mwishoni ni ngumu zaidi kabla hajaandika chochote.

Halafu difrensho ikwesheni. Milinganyo ambayo ndani yake kuna kitu na kasi ya kubadilika kwa kitu hichohicho. Hii ndo iliyonichinja mimi na ndo nimempa wiki mbili nzima. Za daraja la kwanza za kutenganisha, na za daraja la pili zenye namba zisizobadilika, basi, mbele ya hapo asiende. Alizisoma advansi kidogo, mwishoni mwishoni, walimu wakiwa wanakimbizana na silabasi. Ninachotaka azione ni kwamba ni mlinganyo mmoja unabadilisha nguo. Chai ya mama lishe: inapoa kwa kasi inayolingana na tofauti yake na hewa. Tuseme hewa ni 26, chai imeletwa ikiwa 90, tofauti 64. Tuseme baada ya dakika kumi tofauti imebaki nusu, 32, chai iko 58. Dakika kumi nyingine tofauti inakatika nusu tena, 16, chai ni 42, hapo ya kumpa mtoto. Haya, toa chai weka kaboni 14, badala ya dakika kumi nusu inachukua miaka 5,730. Toa kaboni weka kapasita inayoisha chaji kupitia rezista. Weka tone langu la mvua, lile tofauti yake na spidi ya mwisho ndo inayokatika nusu, nusu, nusu. Kama ningeliona tone kama chai ile siku, ningejua jibu kabla ya kuandika na ile alama ya kutoa ingejileta yenyewe.

(Kwa njia, huku chai haiwezi kuja na 100 hata uchemshe vipi. Kwa kimo hiki maji yanachemka kwenye 96 hivi.)

Za daraja la pili ni mtumbwi unaonesa majini, springi, balbu inayoning'inia, saketi yenye koili na kapasita. Na hapo ndo namba changamano zinaingia, mada ya sita. Dogo alitaka kuziruka, anaziona ni mchezo wa de Moivre wa kutafuta vipeuo vitano na kuvichora kwenye duara. Nikamwambia hapana, e kwa kipeo i theta ni mashine ya kuzunguka. Ukiizoea, kuchanganya mawimbi mawili yenye tofauti ya fezi kunageuka kuwa kujumlisha mishale miwili, na zile fomula za saini jumlisha saini zinazotutesa hutazikariri tena, unazitoa kwa mistari miwili. Fizikia ya umeme wa kubadilika wanaitumia toka siku ya kwanza bila kuomba radhi. Siku tatu zinamtosha.

Ya saba pasho derivativu, inatisha watu kwa ile d yake iliyopinda. Ni difrensiesheni ya kawaida, vingine vyote umeviambia vitulie. Joto la maji ya ziwa linategemea kina na saa. Kaa kina kilekile subiri jioni, hiyo moja. Saa ileile shusha kipimajoto, hiyo ya pili. Thamodinamiki yote inakula hapo, na kukadiria makosa ya maabara pia, ambako inadaiwa mapema sana. Mchana mmoja.

Ile ya penseli ni matriksi. Nilisita kweli. Dogo kasikia kwamba kwantamu ni matriksi tupu na ni kweli, ila kwantamu yake ni mwaka wa pili au wa tatu, na kabla ya hapo kozi ya hesabu itamfundisha. Halafu nikamsimulia Heisenberg. Mwaka 1925 kaandika karatasi yake ya kwantamu akiwa na majedwali ya namba yanayozidishana kiajabu, a mara b sio sawa na b mara a, likamkera, hajui hata vile vitu vinaitwaje. Ni Max Born ndo kakaa nayo akakumbuka, mbona hizi ni matriksi. Mtu kaanzisha mekanika ya matriksi hajui matriksi! Dogo kafurahi sana na hiyo hadithi, kafurahi kupita nilivyotaka, nikaona atakuja kuitumia vibaya. Kwa hiyo penseli: ukipata muda jua kuzidisha na ditaminanti ya tatu kwa tatu, usipopata usilie.

Ratiba ndo ilikuwa kichekesho. Mimi nilianza kumpangia Jumatatu hadi Ijumaa kama mtu wa ofisini. Akaniambia dada, sisi kule hatuendi na wiki, tunaenda na mwezi. Nikakumbuka. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti, mitumbwi inapumzika siku kadhaa. Giza likirudi ndo kazi, asubuhi kuna mzigo wa kuanika mpaka saa nne saa tano, ukimaliza una magamba mpaka kwenye kope na huna hamu ya vekta yoyote. Basi tukapanga hivi, siku za mbalamwezi mada ngumu, difrensho ikwesheni na vekta zenye kofia. Siku za giza kunoa mikono tu, nusu saa, na pasho derivativu. Sijawahi kuona ratiba ya masomo inayofuata mwezi lakini hii anaifuata kweli, kuliko mimi nilivyowahi kufuata yoyote ile.

Kuhusu vitabu ameniuliza mno, sijamtajia hata kimoja. Ana madaftari yake ya advansi na pepa za zamani, na simu, bando likiwepo. Nilimwomba kitu kimoja tu, afute zile PDF. Kafuta nusu. Najua tensa hajazifuta, kazihamishia kwenye fayala kaita "miziki".

Jumatano usiku nikampa kazi ya kwanza ya kweli. Chukua jiwe pale ufukweni, kamba ya nyavu mita moja, ning'iniza, pembe isizidi digrii 10 na uniambie kwa nini, hesabu miyumbo 20 kwa saa ya simu, nitafutie g ya Igombe. Kesho yake saa tatu usiku meseji.

"Dada, miyumbo 20 sekunde 41. g imekuja 9.39. Ziwa limepunguza mvutano?"

Nikacheka mpaka nikaamsha mtoto. Nikamwandikia, tungekuwa na 9.39 kina Igombe wote mngekuwa mnarukaruka. Umekosea asilimia nne. Nitajie vitu viwili ulivyopima, na kila kimoja kikikosewa asilimia moja g inakosewa asilimia ngapi. Usipige kikokotoo, chukua logi ya pande zote, difrensieti.

Kimya robo saa. Mimi nikaenda kufunga dirisha maana wale wadudu wa ziwani walishaanza kuizunguka taa.

"L ikikosewa moja g inakosea moja. T ikikosewa moja g inakosea mbili, kinyume chake."

Safi. Sasa ni ipi?

"Muda nimerudia mara tatu, 41, 41, 40.9. Muda uko sawa."

Kwa hiyo?

"Kwa hiyo L. Asilimia nne ya mita ni senti nne. Ila kamba nimepima mita moja kabisa dada, na tepu ya fundi cherehani."

Kamba umepima kutoka wapi mpaka wapi?

Akaandika, akafuta, akaandika, ile inaonekana kabisa mtu anaandika anafuta. Halafu ikaja picha. Jiwe limelala kwenye kiganja, pembeni ile tepu ya fundi. Jiwe lina urefu wa senti nane, na kamba yake kaifunga juu. L inapimwa mpaka katikati ya jiwe.